Nani Mfumbuaji wa Fumbo? Wimbo wa Kukosoa Mbele ya Sheria ya Jinai Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa kihistoria baina ya wimbo wa kukosoa watawala na sheria ya jinai katika Afrika Mashariki. Hoja inayoongoza makala ni kwamba jadi ya fumbo katika sanaa ya Kiswahili humwachia msikilizaji kazi ya kuikamilisha maana, ilhali sheria ya uchochezi, tangu zama za ukoloni, hulazimisha wimbo uwe na maana moja na kuikabidhi dola mamlaka ya kuitaja maana hiyo. Makala yanalinganisha visa kutoka Zanzibar, Kenya na Tanzania Bara, kisha yanavipima kwa kesi ya mwanamuziki Simon Bikindi iliyosikilizwa jijini Arusha. Inahitimishwa kwamba hatari inayomkabili msanii haimo katika adhabu peke yake, bali pia katika msamaha unaotolewa bila hoja, kwa kuwa msamaha wa namna hiyo hauweki mpaka ambao msanii wa kesho anaweza kuutegemea.

1.0 Utangulizi

Jumapili ya tarehe 26 Machi 2017, msanii wa muziki wa kizazi kipya Nay wa Mitego alikamatwa na polisi mkoani Morogoro kwa sababu ya wimbo wake uitwao "Wapo". Siku iliyofuata Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilitangaza kuufungia wimbo huo. Kabla siku hiyo haijaisha, Waziri mwenye dhamana ya habari na sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliwaeleza waandishi wa habari mjini Dodoma kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo, kwamba msanii aachiwe, na kwamba wimbo uendelee kupigwa. Pamoja na tangazo hilo ulikuja ushauri: msanii auboreshe wimbo wake kwa kuyataja makundi mengine yenye kasoro katika jamii, wakiwemo wakwepa kodi.

Wengi walilipokea tukio hilo kama ushindi wa uhuru wa kusema. Ukiliangalia kwa jicho la mwanaisimu, tukio lina sura nyingine. Katika muda usiofika siku 2, maneno yaleyale yaliyoimbwa kwa sauti ileile yalipewa maana 3. Kwa polisi yalikuwa kashfa dhidi ya Serikali. Kwa Baraza yalikuwa ukiukaji wa maadili. Kwa Ikulu yalikuwa mchango mzuri ambao haujakamilika. Hakuna hata neno moja la wimbo lililobadilika baina ya kukamatwa na kuachiwa. Kilichobadilika ni nani aliyeshika nafasi ya mfumbuaji.

Makala haya yanauliza swali moja: pale wimbo unapozungumza kwa mafumbo na sheria ikataka kuuadhibu, ni nani mwenye haki ya kusema wimbo huo unamaanisha nini, na anapaswa kuithibitisha kauli yake kwa njia gani? Swali hili halina budi kuwashughulisha wanasheria. Hata hivyo, kiini chake ni swali la semantiki na pragmatiki, na wataalamu wa Kiswahili tumelikwepa kwa muda mrefu kana kwamba halituhusu.

2.0 Fumbo na Nafasi ya Msikilizaji

Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii hunukuliwa sana kama sifa ya werevu, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya mawasiliano. Inachukulia kuwa maana ya fumbo haikamiliki kinywani mwa msemaji. Hukamilika kwa mganguaji, na kila mganguaji hugangua kwa kadiri ya ujuzi wake, uzoefu wake na, wakati mwingine, hatia yake mwenyewe.

Ushairi wa mwambao uliitumia kanuni hii katika siasa mapema. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alitunga mashairi ya kujibizana na utawala wa Seyyid Said wa Zanzibar akitumia taswira za bahari, vyombo na wanyama. Aliyekusudiwa alijijua. Asiyehusika aliburudika kwa sanaa. Katika taarabu na mipasho kanuni hiyo imekuwa sehemu ya utendaji wenyewe. Mwimbaji hamtaji mtu kwa jina, na msikilizaji anayenyanyuka kwenda kutunza huku akimtupia jicho fulani ndiye anayeupa wimbo mlengwa wake. Wimbo huohuo keshokutwa utapewa mlengwa mwingine katika harusi nyingine.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, aliipeleka sanaa hii mbele ya mahakama yenyewe. Wimbo wake "Kijiti" ulitokana na kisa cha mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Mtuhumiwa alitorokea Bara, na walioishia kutiwa hatiani ni wanawake waliokuwa mashahidi wa kisa hicho. Wimbo haukuhitaji kuutukana utawala wa Kiingereza. Ulisimulia tu kilichotokea, ukaiacha hadhira ya Ng'ambo ipime yenyewe kama hiyo ilikuwa haki. Hapa tunaona fumbo la aina ya pili, ambalo halimo katika istiari bali katika kunyamaza. Msimulizi anaishia pale ambapo hukumu inapaswa kuanza.

Mwanamuziki D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati katika Tanganyika aliyejenga jina lake nchini Kenya akiwa na bendi ya Shirati Jazz, aliendeleza jadi inayofanana na hiyo kwa lugha ya Kidholuo. Wahusika wake walikuwa mara nyingi wanyama na watu wa Biblia, na wasikilizaji wakawatambua viongozi wao ndani ya wahusika hao. Hata hivyo, alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Kisa chake kinatuonya tusilitukuze fumbo kupita kiasi. Fumbo huchelewesha mkono wa dola, haliuzuii.

3.0 Sheria Inayotaka Maana Moja

Sheria za Kanuni za Adhabu za Tanganyika na Kenya zilitungwa mwaka 1930 chini ya utawala wa Kiingereza, zikiwa na vifungu vinavyofanana sana kuhusu uchochezi. Vifungu hivyo vilijengwa juu ya dhana ya nia ya uchochezi, yaani nia ya kuleta chuki au dharau, au ya kuamsha hali ya kutoridhika dhidi ya mamlaka halali. Mambo 3 katika muundo wa sheria hizo yanastahili kuzingatiwa na mchambuzi wa lugha.

Kwanza, maneno ya msingi ni ya hisia: chuki, dharau, kutoridhika. Hakuna kipimo cha isimu kinachoweza kuonesha wapi malalamiko yanaishia na wapi kutoridhika kunaanza. Pili, sheria huchukulia kuwa kila mtu amekusudia matokeo ambayo kwa kawaida yangefuata kutokana na tendo lake. Kwa njia hiyo nia, ambayo kwa desturi hutafutwa kwa mtunzi, huhamishiwa kwa hadhira inayodhaniwa. Msanii huadhibiwa kwa maana ambayo mwendesha mashtaka anafikiri kwamba watu wengine wangeipata. Tatu, na hili husahauliwa, sheria zenyewe ziliweka kinga: si uchochezi kuonesha kwamba serikali imepotoka au kutaja kasoro zake kwa lengo la kuzirekebisha. Yaani tangu mwanzo sheria ilikiri kuwa kukosoa ni halali. Tatizo lilikuwa ni nani angeamua kama lengo la mkosoaji lilikuwa kurekebisha au kubomoa.

Baada ya uhuru vifungu hivi havikutupwa. Nchini Tanzania viliingia katika Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, na baadaye katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Nchini Kenya makosa ya uchochezi yalibaki katika Kanuni za Adhabu hadi yalipofutwa mwaka 1997. Katika kipindi hicho ndipo kilipotokea kisa ambacho, ingawa si cha mwanamuziki, kinalionesha suala letu waziwazi kuliko kingine chochote.

Mwishoni mwa mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika na kusambaza waraka uitwao Kenya: Twendapi?, uliouhoji mwenendo wa serikali ya Jomo Kenyatta. Waraka huo ulikuwa nathari ya wazi. Alishtakiwa kwa uchochezi na kufungwa miaka 3, hadi mwaka 1972. Akiwa kifungoni, tena kwa sehemu kubwa katika upweke, alitunga kwa siri mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mojawapo, "Mamba", linamhusu mnyama mkali anayejiona kuwa hatakufa, na wahakiki wengi wamelisoma kama shairi juu ya mtawala. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Mtunzi ni mmoja, mtawala ni mmoja na malalamiko ni yaleyale. Nathari ilimpeleka gerezani, na ushairi ukampa tuzo yenye jina la mtawala aliyemfunga. Si sahihi kueleza jambo hili kwa kusema kuwa walioitoa tuzo hawakuielewa diwani. Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba fumbo liliwapa wote nafasi ya kuendelea kuishi pamoja na maana bila kulazimika kuitamka. Kumshtaki mtunzi wa "Mamba" kungemlazimu mwendesha mashtaka asimame mahakamani atamke kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mamba ni Rais. Fumbo humtoza mshtaki gharama hiyo. Humfanya awe mshirika katika utunzi wa tusi analolishtaki.

4.0 Kutoka Mahakamani Hadi Barazani

Ikiwa mahakama inamtoza mshtaki gharama hiyo, njia rahisi kwa dola ni kuikwepa mahakama. Historia ya usimamizi wa muziki nchini Tanzania inaweza kusomwa kwa namna hiyo, ingawa haikuwa na lengo hilo pekee. Katika miaka ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zilipeleka mashairi yao yakaguliwe kabla ya kurekodi. Kituo kilikuwa ndicho studio kuu na ndicho kipaza sauti cha taifa. Wimbo uliokataliwa hapo ulikosa mlango mwingine. Baraza la Muziki la Taifa (BAMUTA) liliundwa mwaka 1974, na mwaka 1984 Sheria Na. 23 ikaunda BASATA kwa kuunganisha usimamizi wa muziki na wa sanaa nyinginezo.

Utaratibu huu uliibadili lugha ya adhabu. Mbele ya mahakama neno kuu lilikuwa uchochezi, na uchochezi, hata ukifafanuliwa vibaya namna gani, una vifungu, una ushahidi na una rufaa. Mbele ya baraza neno kuu ni maadili. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyepata umaarufu wake Dar es Salaam, aliona wimbo wake "Mambo kwa Soksi", uliohimiza matumizi ya kondomu wakati ukimwi ulipokuwa ukienea, ukinyimwa nafasi redioni. Wimbo huo haukuwa na siasa ya vyama ndani yake. Ulizuiwa kwa sababu ulitaja, hata kwa fumbo la soksi, jambo ambalo adabu ya umma ilidai lisitajwe.

Siwakejeli wanaotetea maadili. Jamii yoyote ina haki ya kuwa na adabu, na wazazi wana haki ya kutaka watoto wasisikilize matusi mchana kweupe. Hoja yangu ni nyingine. Neno maadili linapotumika bila kufafanuliwa, linaweza kubeba mzigo wa neno uchochezi bila kulipa ushuru wa kisheria unaoambatana nao. Roma Mkatoliki anajulikana kwa nyimbo za kuwakosoa wenye mamlaka. Mwaka 2018 alifungiwa kufanya shughuli za sanaa kwa miezi 6 kwa sababu ya wimbo "Kibamia", kwa hoja ya maadili. Mtafiti anaweza kukubali kuwa wimbo huo una lugha ya kiutu uzima na bado akauliza: msanii aliyewahi kukosoa atajuaje kwamba anaadhibiwa kwa wimbo huu na si kwa zile zilizotangulia? Pasipo hukumu iliyoandikwa na kutoa sababu zake, swali hilo halijibiki, na kutojibika kwake kunatosha kuwatia woga wengine.

5.0 "Wapo": Sarufi ya Kutotaja

Turudi sasa kwenye wimbo wa mwaka 2017. Jina lake ni neno moja, nalo ni sentensi kamili. Linaundwa na kiambishi cha upatanisho wa- na mofimu ya mahali -po. Kiambishi wa- kinatuambia kuwa wanaozungumziwa ni watu na kwamba ni zaidi ya mmoja. Nomino haipo. Mofimu -po, tofauti na -ko, hudokeza mahali mahsusi, panapojulikana. Anayesema "wako" anaweza kuwa anakisia. Anayesema "wapo" anadai kuwa anawaona. Basi neno hilo linathibitisha kuwepo kwa watu, linadokeza kuwa hawako mbali, kisha linakataa kuwataja. Msikilizaji anaachiwa nomino aijaze mwenyewe.

Kuna jambo la pili. Wimbo ulitumia taswira ya tabibu wa majipu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015, kutumbua majipu ilikuwa istiari rasmi ya Serikali yenyewe kuhusu kuwaondoa watumishi wazembe na wala rushwa. Msanii hakubuni istiari hiyo. Aliichukua ilivyo, akauliza kama tabibu naye yuko tayari kutumbuliwa lake. Ni kanuni ya kale ya majibizano ya mashairi: mpinzani hukujibu kwa vina vyako mwenyewe. Serikali inapoipa nchi istiari, inaipa nchi pia uwezo wa kuigeuza istiari hiyo. Kumkamata anayeigeuza ni sawa na kudai kwamba maneno yaliyotolewa kwa wote yana mwenye nayo mmoja.

Sasa tuutazame msamaha. Kuachiwa kwa msanii lilikuwa jambo jema, na haingefaa kulibeza. Lakini tangazo halikusema kwamba polisi walikosea kisheria, wala kwamba wimbo ulilindwa na Ibara ya 18 ya Katiba, wala kwamba Baraza lilipitiliza mamlaka yake. Lilisema kwamba Rais ameupenda. Sababu ya uhuru ilikuwa ladha ya msikilizaji mmoja. Na ushauri wa kuongeza makundi mengine katika wimbo, hata ukitolewa kwa nia njema, ulimfanya mkosolewa kuwa mhariri wa ukosoaji.

Hukumu hukatiwa rufaa. Hisani haikatiwi rufaa. Hukumu mbaya huacha maandishi ambayo wanasheria na wanaisimu wanaweza kuyapinga mstari kwa mstari, na hukumu nzuri huacha kipimo ambacho msanii mwingine anaweza kukitegemea. Hisani haiachi hata kimojawapo. Siku chache tu baadaye, tarehe 5 Aprili 2017, Roma na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana katika studio jijini Dar es Salaam, wakaonekana tena baada ya siku 3. Nay wa Mitego mwenyewe aliitwa tena na Baraza katika miaka iliyofuata, ikiwemo kuhusu wimbo "Amkeni" wa mwaka 2023. Uhuru wa Machi 2017 haukumlinda, kwa sababu haukuwa kanuni. Ulikuwa tukio.

6.0 Wimbo Unapoua: Funzo la Arusha

Msomaji makini atauliza: je, hakuna wimbo unaostahili adhabu? Mtetezi wa uhuru wa kusema ambaye halijibu swali hili hatendi haki kwa Afrika Mashariki, kwa maana ni hapa kwetu wimbo umewahi kushtakiwa kwa kosa kubwa kuliko yote.

Simon Bikindi alikuwa mtunzi na mwimbaji mashuhuri wa Rwanda. Nyimbo zake zilipigwa na redio RTLM, chombo kilichochochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha. Katika jiji la Tanzania, majaji walisikiliza mashahidi wataalamu wa pande zote 2 wakibishana juu ya maana ya mashairi ya Kinyarwanda: majina ya kale, methali, dokezo za historia, nani ni "adui" katika ubeti fulani. Ni miongoni mwa mijadala mirefu zaidi ya semantiki ya wimbo wa Kiafrika iliyowahi kufanyika mbele ya mahakama.

Hukumu ilitolewa tarehe 2 Desemba 2008. Majaji hawakuzitakasa nyimbo hizo. Waliona kuwa zilieneza propaganda dhidi ya Watutsi na kuhimiza chuki ya kikabila. Hata hivyo, zilikuwa zimetungwa kabla ya mwaka 1994, na haikuthibitishwa kwamba mtunzi alizitunga kwa nia mahsusi ya kuchochea mauaji ya kimbari, wala kwamba yeye ndiye aliyeshiriki kuzisambaza mwaka 1994. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatamka mwishoni mwa Juni 1994 kwa kipaza sauti, akiwa katika msafara barabarani, akiwataka watu wawaue Watutsi. Alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na rufaa ikaithibitisha adhabu hiyo mwaka 2010.

Mtu anaweza kuiona hukumu hiyo kuwa ya upole mno kwa nyimbo. Hata walionusurika wana haki ya kuhisi hivyo. Lakini tazama njia iliyofuatwa. Mahakama iliyokuwa ikishughulikia uhalifu mkubwa kuliko wote ilikataa kuchukua njia ya mkato kutoka maana hadi hatia. Ilitenganisha mambo 4: wimbo unasema nini, mtunzi alikusudia nini, nani aliueneza, na tendo gani lilifuata. Kila jambo lilidai ushahidi wake. Fumbo lilifumbuliwa kwa wataalamu kusikilizwa na kuhojiwa, na mfumbuaji alilazimika kuandika sababu zake.

Kenya nayo ilikutana na ugumu huu. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 na 2008, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliifanya kauli ya chuki kuwa kosa. Mwaka 2012, uchaguzi mwingine ukikaribia, wanamuziki 3 wanaoimba kwa Kigikuyu walishtakiwa kwa sababu ya nyimbo zao. Tayari Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imeutaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina katika Ibara ya 33, na papo hapo ikautenga na uchochezi wa vurugu na kauli za chuki. Mpangilio huo unafaa kuigwa kwa sababu unautofautisha wimbo unaowashambulia wenye mamlaka na wimbo unaowashambulia wasio na kinga. Jadi ya fumbo ilikua kama silaha ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Ikigeuzwa kumwelekea jirani aliye mnyonge zaidi, huwa kitu kingine, hata kama vina na mizani ni vilevile.

Arusha ina funzo jingine. Tarehe 28 Machi 2019, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo pia ina makao yake katika jiji hilo, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiisimu kabisa: kosa linalotegemea hisia zinazoweza kumpata msikilizaji halimwezeshi msemaji kujua mapema kama anavunja sheria. Miaka karibu 90 baada ya sheria za 1930, hatimaye mahakama ilikuwa imesema kwa lugha ya sheria kile ambacho mafundi wa mafumbo walikijua siku zote: huwezi kumbebesha mwimbaji peke yake maana ambayo msikilizaji ndiye aliyeikamilisha.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mgogoro baina ya wimbo wa kukosoa na sheria ya jinai ni mgogoro baina ya nadharia 2 za maana. Katika jadi ya fumbo, maana ni mali ya shirika: mtunzi huianzisha na hadhira huikamilisha. Katika sheria ya uchochezi, na zaidi katika maamuzi ya kiutawala yasiyotoa sababu, maana ni moja na mwenye mamlaka ndiye mfumbuaji. Visa vya Abdilatif Abdalla na Nay wa Mitego, vilivyotenganishwa na takriban nusu karne, vinaonesha kuwa mfumbuaji wa namna hiyo anaweza kufunga na anaweza kusamehe, na kwamba katika hali zote 2 msanii habaki na kitu cha kushika.

Mambo 2 yanafuata. La kwanza ni la kisera. Ikiwa dola inaona kuwa wimbo fulani ni kosa, na ipite njia ya Arusha: itaje ubeti, itoe tafsiri, iruhusu tafsiri hiyo ipingwe na mtaalamu, ioneshe uhusiano baina ya maneno na madhara, na iandike uamuzi unaoweza kukatiwa rufaa. Njia hiyo ni ndefu, na urefu wake ndio kinga. Nyimbo nyingi zinazofungiwa kwa tamko la asubuhi moja zisingefika mwisho wa njia hiyo.

La pili linatuhusu sisi. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu zimewafundisha maelfu ya wanafunzi kuichambua istiari, taashira na kejeli. Wanafunzi hao wamejibu mitihani kuhusu "Mamba" kwa umahiri. Lakini msanii anapoulizwa kituoni anamaanisha nini kwa neno "wapo", mara chache mmoja wetu husikika akisema, kwa utaratibu na ushahidi wa taaluma, kwamba neno hilo halina nomino na kwamba anayeijaza ndiye anayepaswa kueleza kwa nini amejiona ndani yake. Taaluma inayofumbua mafumbo ya waliokufa na kuwaacha walio hai wafumbuliwe na polisi ina deni, na deni hilo halitalipwa kwa makala peke yake.